Mtoto wa Yaeda na Upinde Wake

Haya wanangu, leo twendeni Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, si mbali na Ziwa Eyasi. Huko kaskazini mwa Tanzania wanaishi Wahadzabe. Ni watu kama 1,300 tu, na baadhi yao mpaka leo wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Nawapeleka huko kwa sababu mara nyingi naulizwa na vijana: nikitaka kujifunza upinde, naanzia wapi? Sijaona walimu wazuri zaidi wa kulijibu swali hilo kuliko watoto wa bonde lile.

Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde wake wa kwanza akiwa na miaka mitatu au minne. Ni mdogo, unaolingana na mikono yake, lakini unarusha kweli. Mshale wake hauna chuma, ni kijiti tu. Anashinda na wenzake wakilenga shabaha, na akikua kidogo anaanza kuvizia ndege na panya. Hakuna anayempanga mstari na kumfundisha somo la kwanza na la pili. Anawatazama kaka zake, anarusha, anakosa, kisha anaingia vichakani kuutafuta mshale wake.

Kutafuta huko ndiko ninakokupenda. Mshale ni mali, umetengenezwa kwa kazi, kwa hiyo mtoto hauachi upotee. Anajifunza kuutazama mpaka pale unapoangukia, kukumbuka ni mti gani ulikuwa karibu, kuona jani lililokunjwa na udongo uliochubuka. Naamini kabisa kwamba hapo ndipo macho ya mwindaji yanapofunguka, miaka mingi kabla hajamwona swala.

Hebu sasa tuukaribie mshale wenyewe. Mzee anakata kijiti cha mkole, anakimenya gome, halafu anakipasha moto. Kikishapata joto anakishika kwa meno, anakikaza kwa mikono miwili na kukinyoosha pale kilipopinda. Anafumba jicho moja, anakitazama kwa urefu wake, anakirudisha motoni, anakiuma tena. Anafanya hivyo mpaka kinyooke. Nyuma anafunga manyoya ya ndege, kanga au tai, kwa kano za mnyama zilizolainishwa. Ugwe wa upinde nao ni wa kano, zilizosokotwa zikakaza. Mishale ya ndege na wanyama wadogo huchongwa mti mtupu mbele. Ile ya wanyama wakubwa huwekwa kigumba cha chuma, na mara nyingi chuma hicho ni msumari uliopondwapondwa mpaka ukawa bapa na wenye makali.

Ipo pia mishale ya sumu, inayotokana na mimea ya huko huko, mmojawapo ukiwa waridi la jangwani. Sumu hupakwa nyuma ya kigumba na kuviringishiwa kipande cha ngozi ili asije akajikwaruza mwenye mshale. Hiyo ni kazi ya watu wazima, nanyi msiiguse kabisa.

Mtaniuliza, manyoya ya nini? Ukiuvuta upinde, nguvu ya mikono na mgongo wako inaingia kwenye mti uliopinda na kukaa humo. Ukiachia, mti unarudi mahali pake na nguvu yote inauingia mshale kwa mkupuo. Mshale unasukumwa ghafla kutoka nyuma, kwa hiyo haubaki umenyooka: unajipinda huku na huku kama samaki anavyoogelea, na ndivyo unavyopita pembeni mwa upinde bila kugonga. Manyoya yanaburuza hewa, yanauweka mkia nyuma, na baada ya mwendo kidogo mshale umetulia. Ndiyo maana pia hairuhusiwi kamwe kuvuta upinde mtupu na kuuachia. Nguvu ile ikikosa mshale wa kuibeba inarudi kwenye mti wenyewe, na upinde unaweza kuvunjika mkononi mwako.

Upinde wa Mhadzabe mtu mzima ni mgumu: kuuvuta mpaka mwisho ni sawa na kuinua kilo 30 hivi, au zaidi. Wewe usianzie huko. Kijana anayeanza anatosheka na upinde wa kilo 5 hadi 9, na asione haya hata kidogo, kwa sababu upinde unaokushinda nguvu unakufundisha makosa. Unakunja mgongo, unainua bega, unaharakisha kuachia.

Simama ubavu ukielekea shabaha, miguu imeachana kwa upana wa mabega. Kwa mkono mmoja ushike upinde bila kuukaba. Vuta ugwe kwa vidole vitatu vya mkono wa pili, huku ukihisi mgongo ndio unaovuta. Mkono huo ufike mahali palepale usoni kila mara, pembeni mwa mdomo au chini ya kidevu. Pakibadilika hapo, mshale nao utabadilika hata kama jicho lako ni kali namna gani. Kisha legeza vidole tu. Usivirushe.

Anza karibu, hatua chache tu kutoka kwenye shabaha. Wachezaji wa Olimpiki hurusha kutoka mita 70 kwenye shabaha yenye upana wa sentimita 122, na duara lao la pointi kumi ni sentimita 12.2 tu. Hata wao walianzia karibu. Vaa kinga ya mkono, maana ugwe ukikuchapa ngozi ya ndani utaukumbuka wiki nzima. Tumia mishale mirefu ya kutosha, kwa sababu mfupi unaweza kurudi nyuma ya upinde na kukuchoma mkono. Usirushe juu angani. Hakuna anayekwenda kuchomoa mishale mpaka wote wameweka pinde chini, na mnakwenda kwa kutembea, kwani mishale iliyochomoza kwenye shabaha huwachoma wanaokimbia.

Sasa turudi Yaeda, kwenye uwindaji wenyewe. Kazi yake kubwa ni kukaribia. Mwindaji anapima upepo ili harufu yake isimtangulie, anachagua pa kukanyaga, na mara nyingi anarudi nyumbani bila kurusha hata mshale mmoja. Wakati wa kiangazi, maji yakibaki mahali pachache, wanaume hujificha usiku karibu na kisima wakisubiri wanyama waje kunywa. Na aliyempiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu hamkimbizi. Akimkimbiza, mnyama ataogopa na kwenda mbali. Mwindaji hurudi kambini, kisha anawachukua wenzake wakafuate nyayo na damu, hata kama ni kesho yake. Mtoto aliyezoea kutafuta mshale wake vichakani ndiye huyo sasa anayesoma jani lililokunjwa.

Mimi na ninyi hatuna ruhusa ya kwenda kuwinda hivi hivi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977, na Tanzania ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inayotaka kibali. Shabaha ya makuti au nyasi zilizofungwa inatosha kabisa kwa miaka mingi ya kujifunza.

Kinachoniuma ni kwamba mtoto wa Yaeda naye anapungukiwa na mahali pa kujifunzia. Mashamba yamesogea, mifugo imeongezeka, miti imekatwa, na wanyama wamekwenda mbali. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipata hati ya pamoja ya kumiliki ardhi yao, jambo ambalo wazee walilipigania kwa muda mrefu. Baada ya hapo walianza kulipwa kwa kuutunza msitu, kwa sababu miti yake inahifadhi kaboni. Sehemu ya fedha hizo inalipa ada za shule na matibabu, na nyingine inawalipa walinzi wa kijiji wanaozunguka msituni kuhakikisha hakuna anayeukata.