"Leo" ya lini? Ujumbe wa sauti na maneno ya kuelekeza mjini Uvira

Msimu wa mvua uliopita, mama yangu mdogo aliamshwa usiku na simu. Anaishi Uvira, karibu na mto Mulongwe, na kazi yake ni kuuza ndagala. Katika kikundi cha WhatsApp cha wauzaji wenzake ulikuwa umeingia ujumbe wa sauti wa sekunde chache. Mwanamume alikuwa akipaza sauti, na nyuma yake mvua ilisikika: "Mayi iko nakuya! Leo usiku! Batu ba uku chini, mutoke mu nyumba!"

Mama mdogo hakuuliza maswali. Aliwaamsha watoto, akajitwika nusu gunia la ndagala kavu, wakapanda hadi kwa ndugu upande wa mlima. Mvua ikawanyeshea njiani. Kulipokucha nyumba yake ilikuwa salama, lakini ndagala zilikuwa zimelowa, na ndagala iliyolowa haina mnunuzi.

Mchana ule jirani mmoja aliusikiliza ujumbe huo tena na akaitambua sauti. Ilikuwa ya kaka mmoja aliyewahi kupanga mtaani kwetu, ambaye alihamia Baraka miaka miwili iliyopita. Yeye hakudanganya mtu. Usiku aliousema, mto ulikuwa ukijaa kweli. Ni "leo" yake tu iliyokuwa imekwisha zamani.

Wiki chache baadaye onyo jingine liliingia. Safari hii mama mdogo alilisikiliza, akageukia upande wa pili, akalala. Jirani alipogonga mlango, maji yalikuwa yameshaingia uani, yakafika magotini na kuchukua sufuria na mikeka ya kuanikia. Hakuna aliyeumia. Lakini mimi naliogopa onyo hili la pili kuliko lile la kwanza, kwa sababu lilikuwa la kweli na halikusikika.

Nyumbani watu walihitimisha kwamba simu ni za uongo. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba tatizo lina maelezo mengine, na kwamba maelezo hayo yamo katika somo tunalofundishwa hapa kitivoni, ingawa mara nyingi tunalisoma kama orodha ya istilahi za kukariri kabla ya mtihani.

Kitovu cha usemi

Kila lugha ina maneno ambayo maana yake haikamiliki mpaka tujue nani anasema, yuko wapi na ni wakati gani. "Mimi", "wewe", "hapa", "kule", "leo", "kesho", "sasa" ni ya kundi hilo. Wanaisimu huyaita maneno ya deiksisi. Mimi nitayaita maneno ya kuelekeza, kwa sababu yanafanya kazi ya kidole. Kidole huonyesha kitu pale tu mwenye kidole anapoonekana.

Mwaka 1934 Karl Bühler alieleza kwamba maneno haya yote hupimwa kutoka sehemu moja, aliyoiita origo, yaani chanzo. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ni kitovu cha usemi: mimi, hapa, sasa. Charles Fillmore naye, katika mihadhara yake ya mwaka 1971 huko Santa Cruz, alitoa mfano wa karatasi iliyookotwa ndani ya chupa baharini, ikimwomba anayeisoma akutane na mwandishi hapo, baada ya muda fulani kuanzia wakati huo. Kila neno la karatasi hiyo linaeleweka, lakini hakuna anayeweza kufika kwenye miadi.

Turudi kwenye onyo la mto. "Leo usiku" hupimwa kutoka siku ya msemaji. "Uku chini" hupimwa kutoka mahali aliposimama. Uvira ni mji mwembamba uliobanwa kati ya milima na ziwa Tanganyika, na kwetu "juu" mara nyingi ni upande wa mlima na "chini" ni upande wa ziwa. Mtu wa Mulongwe na mtu wa Kavimvira wote wana "chini" yao. Hali ni hiyo hiyo kwa ng'ambo: sisi tukisema ng'ambo kwa kutazama Bujumbura, mtu wa Bujumbura naye hutuonyesha sisi kwa neno lile lile. Hata saa hazikubaliani ziwa zima. Uvira na Bujumbura zinafuata saa moja, lakini Kigoma iko mbele kwa saa moja. Boti ikisemwa itaondoka "saa tatu", msikilizaji anahitaji kujua ni saa tatu ya bandari gani.

Watu wakiongea ana kwa ana, hakuna linaloharibika, maana msemaji na msikilizaji wana kitovu kimoja. Redio nayo haikutuletea shida kubwa. Radio Okapi imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili pamoja na Kifaransa, Kilingala, Kikongo na Kiluba tangu mwaka 2002, na mtangazaji akisema "leo", sisi tunaosikiliza tuko ndani ya leo hiyo hiyo. Sauti ikishatoka redioni inapotea. Ujumbe wa sauti wa simu ni kama redio isiyopotea. Huhifadhiwa, hutumwa, hutumwa tena, na kila unapofika unasema "leo" kana kwamba ndiyo kwanza mtu amefumbua kinywa.

Simu inafuta nini

WhatsApp ilianza kupokea ujumbe wa sauti mwaka 2013. Mtu anaporusha ujumbe alioupokea kwa mtu mwingine, simu ya mpokeaji haionyeshi jina la msemaji wa kwanza wala tarehe aliyosema. Inaonyesha jina la aliyerusha na saa ambayo ujumbe umeingia. Tangu mwaka 2018 huwa kuna alama ndogo, na kwenye simu zilizowekwa Kifaransa, kama nyingi za Uvira, alama hiyo husomeka "Transféré". Alama inakuambia kwamba ujumbe umetoka kwingine. Haikuambii ni wapi, wala ni lini.

Kampuni yenyewe ilijaribu kupunguza mwendo. Januari 2019 iliweka kwamba ujumbe usirushwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja duniani kote. Tarehe 7 Aprili 2020 ikaongeza kwamba ujumbe uliokwisha kurushwa mara nyingi urushwe kwenye mazungumzo mamoja tu kwa mara moja. Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe na mito mingine ya Uvira ilivunja kingo zake. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba yaliharibika. Tangu usiku ule, hakuna mtu wa kwetu anayesikia neno "mayi" gizani akabaki ametulia.

Vizuizi vya kampuni hupunguza kasi ya ujumbe, na hilo lina faida yake. Havirudishi kitovu kilichopotea. Ujumbe uliozeeka ukitembea polepole, bado umezeeka.

Lafudhi nayo inaelekeza

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi mama mdogo aliamini sauti kuliko ambavyo angeamini maandishi? Sababu moja ni mvua iliyosikika nyuma ya msemaji. Sababu ya pili inatuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha. Ni Kiswahili chenyewe.

Tazama onyo lile kwa makini. Kiswahili sanifu kingesema "maji yanakuja" na "watu wa huku chini, tokeni nyumbani". Msemaji alisema "mayi" badala ya "maji". Alitumia "iko na-" kuonyesha tendo linaloendelea. Alisema "batu ba" badala ya "watu wa", na "mu nyumba" badala ya "nyumbani". Hiki ndicho Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, na masikio yetu hukitambua kabla hata ya kukifikiria. Mama mdogo alipokisikia aliona kwamba anayesema ni wa kwetu, kwa hiyo "uku chini" ni huku kwetu. Hakukosea. Lafudhi ilimpa jibu sahihi la swali la "wapi". Kosa lilikuja pale imani hiyo ilipovuka hadi kwenye swali la "lini", ambalo lafudhi haiwezi kulijibu.

Hili linaeleza kwa nini onyo la zamani la mtaani linaweza kupotosha kuliko uvumi kutoka mbali. Sauti ya mgeni huamsha maswali. Sauti ya jirani huyalaza.

Kwa nini watu wasiandike tu?

Nilipoizungumzia habari hii darasani, mwenzangu mmoja alisema dawa ni rahisi: watu waandike. Ushauri huo unasahau namna tulivyofundishwa kuandika. Shuleni Uvira, maandishi ni Kifaransa, na kwa sehemu ni Kiswahili sanifu. Lugha tunayosemea sokoni haikuwahi kupewa othografia darasani. Ndiyo maana katika vikundi utaona "iko nakuya", "ikona kuya" na "iko na kuja" kwa jambo moja, wakati mwingine kutoka kwa mtu mmoja. Mwenye kuona haya kwa tahajia yake hubonyeza kipaza sauti, ingawa sauti hula mega nyingi kuliko maandishi.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1965 huko Lubumbashi, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji ule historia ya Elisabethville kama walivyoiona wafanyakazi wa nyumbani. Johannes Fabian alipoyachapisha maandishi hayo mwaka 1990, ilibidi kwanza Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili hicho, ayasome kwa sauti, kwa kuwa mipaka ya maneno katika maandishi haikufuata kanuni za vitabu. Yaliyoandikwa yalihitaji kurudi mdomoni ndipo yaeleweke. Ujumbe wa sauti wa leo umeikata safari hiyo: umebaki mdomoni tangu mwanzo.

Kwa upande mwingine, matangazo yaliyoandikwa kwa Kifaransa hufika katika vikundi hivi yakiwa na tarehe, saa na jina la mahali, yote barabara. Mama mdogo hunitumia mimi nimsomee. Nikiwa darasani au simu imezimika, yanakaa hapo bila kusomwa. Kwa hiyo tuna maandishi yenye kitovu yasiyosomeka kwa wengi, na sauti zinazoeleweka kwa wote zisizo na kitovu.

Wengine wanasubiri mashine itusaidie. Mwishoni mwa mwaka 2024 WhatsApp ilitangaza huduma ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Kiswahili hakikuwamo katika lugha za mwanzo, sembuse hiki chetu. Hata siku kitakapoingia, mashine itaandika "leo" pale mtu aliposema "leo", na tutarudi palepale.

Kichwa cha barua

Nafikiri dawa iliyo karibu zaidi ni ile tuliyofundishwa tukiwa watoto na kuidharau. Barua ilianza kwa jina la mji na tarehe, kabla ya salamu. Tulidhani ni adabu tu. Kumbe kilikuwa kitovu cha usemi kilichoandikwa juu ya karatasi, ili "hapa" na "leo" za mwandishi zisipotee njiani. Ujumbe wa sauti unaweza kubeba kichwa hicho hicho kwa sekunde nne au tano: tarehe, saa, mtaa au mto kwa jina lake.

Ningeongeza kitu kimoja ambacho barua haikudai: msemaji aseme amejuaje. Kiswahili chetu kina njia zake. "Nimeona na macho yangu" si sawa na "banasema". Mtu anayeonya huwa anajua tofauti hiyo, ila haraka humfanya aiache. Msikilizaji naye, kabla ya kurusha sauti isiyo na tarehe, anaweza kuuliza kikundini swali fupi: "Leo ya lini?"

Nilimweleza mama mdogo haya yote bila kutaja Bühler. Alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba wauza ndagala wanalijua tatizo hili kwa njia yao. Ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, na bei hupanda. Sauti inayosema "bei ya leo" ikichelewa wiki moja inaweza kumtia mtu hasara ya gunia zima. Siku hizi akirekodi bei kutoka Kalundu anaanza hivi: "Ni tarehe kumi na mbili, asubuyi, niko ku Kalundu, nimeona na macho yangu." Ndipo anataja bei.

Wenzake walimcheka mwanzoni, wakisema anaongea kama mtangazaji wa redio. Wiki ya tatu, wawili kati yao walianza kufanya vivyo hivyo.