SARATANI YA KINYWA: ITATULIA AU ITAHAMA?

Hapa kwetu Kitengela na kule Kajiado, ni nani asiyemjua mzee wa kutia ugoro nyuma ya mdomo, au kijana wa sigara na chupa? Basi tumbaku na pombe ndivyo visababishi vikuu vya saratani ya kinywa, na vikiungana hatari huzidi. Ugoro nao umo, ijapokuwa watu husema eti hauna moshi!

Zaidi ya asilimia 90 ya saratani hizi huanzia kwenye seli bapa zinazofunika ulimi, ufizi na mashavu kwa ndani. Aghalabu tishio kubwa si kile kidonda chenyewe, bali ni kuhama kwake. Seli huponyoka, zikaingia katika mishipa ya limfu, na kituo chao cha kwanza ni tezi za shingo. Zikishafika huko, matumaini ya mgonjwa hupungua karibu nusu.

Sasa sikiza fumbo linalowasumbua madaktari. Katika wagonjwa 100 wenye uvimbe mdogo na shingo inayoonekana safi, 20 hadi 30 tayari wana seli zilizojificha kwenye tezi. Je, wote wapasuliwe shingo? Wengi watakatwa bure, na wengine watabaki na bega lililolegea. Je, wangojewe? Utafiti uliofanywa Mumbai, India, na kutangazwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba waliotolewa tezi mapema, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 3. Waliongojewa walikuwa asilimia 67.5. Kungoja si mchezo!

Hapo ndipo protini zinapoingia. Daktari hukata kipande kidogo cha nyama, kikagandishwa ndani ya nta na kukatwa vipande vyembamba mno. Kisha hutiwa kingamwili inayonasa protini moja tu, pamoja na rangi. Chini ya hadubini, penye protini hiyo huonekana rangi ya kahawia.

Protini ya kwanza ni E-kadherini, gundi inayoshikanisha seli. Ifananishe na ua wa miiba wa boma: ua ukibomoka, ng'ombe hutawanyika. Rangi yake ikififia, ni dalili mbaya. Ya pili ni MMP-9, kimeng'enya kinachokatakata nyuzi zinazozizunguka seli, mithili ya panga la kufyekea njia. Ya tatu ni podoplanini, ambayo ikizidi katika uvimbe huhusishwa na kuhamia shingoni. Ya nne ni Ki-67, inayoonyesha seli zinazogawanyika. Jina lake limetokana na mji wa Kiel, Ujerumani.

Hata hivyo, tusidanganyane. Hakuna hata moja kati ya protini hizi inayotosha peke yake kumwamulia daktari. Mpaka leo yeye hutegemea zaidi kina cha uvimbe, kinachopimwa kwa milimita. Watafiti wanajaribu kuziunganisha protini kadhaa ili jibu liwe la kuaminika.

Lakini hadubini itasaidia nini ikiwa kidonda hakijaonwa na mtu? Babu yangu wa Kajiado ametumia ugoro tangu ujana wake. Likizo iliyopita niliona doa jeupe kwenye ufizi wake, lisilopanguka. Nikamwambia, "Babu, twende tukaonwe."

Akacheka, "Mjukuu wangu, huu ni uzee tu."

Sikukubali. Tulipanda matatu, daktari wa meno akakata kipande, kikapelekwa Nairobi. Tungali tunasubiri majibu.

Kwa hivyo wenzangu, mkifika nyumbani waambieni wazazi na wazee wenu wafungue vinywa muwatazame. Kidonda kisichopona kwa wiki 2, doa jeupe au jekundu, au uvimbe wa shingo usiouma, vyote ni vya kupelekwa kwa daktari mara moja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu, jamani, huonekana kwa tochi tu.