Tuanze Leo au Tungoje Kompyuta Bora?

Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtaalamu mwenye hesabu ndefu ya kompyuta hana budi kuchagua mojawapo, kwani akikosea hupoteza miaka ya kazi pamoja na gharama za mtambo.

Natuchukue mfano. Tuseme kasi ya kompyuta huongezeka maradufu kila miezi 18, nayo hesabu yetu yahitaji miaka 10 kwa kompyuta ya leo. Tukingoja miaka 3, tutapata kompyuta yenye kasi mara 4. Hesabu itachukua miaka 2 na nusu, na yote yatakwisha kwa miaka 5 na nusu. Lakini hesabu ya mwaka 1 haifai kungojwa: kukaa miezi 18 ili kuimaliza kwa miezi 6 ni kutumia miaka 2. Mpaka baina ya hali hizo ni miezi 26 hivi. Hesabu iliyo fupi kuliko hapo ianzwe mara moja. Iliyo ndefu zaidi ingoje hadi ishuke kufikia kiasi hicho.

Hata hivyo, kanuni hii hutegemea kadirio la kasi. Mwaka 1999 Profesa Ronald Rivest wa Marekani alitunga fumbo linalodai nambari izidishwe kwa nafsi yake mara trilioni 80 hivi. Kila hatua hungojea jibu la hatua iliyotangulia, hivyo kazi haigawanyiki baina ya kompyuta nyingi. Akizingatia maendeleo ya kompyuta, alikadiria miaka 35. Mwaka 2015 Bernard Fabrot wa Ubelgiji alianza kazi hiyo kwa kompyuta ya kawaida, akapata jibu Aprili 2019. Kundi jingine lilianza Machi 2019, likitumia mbinu mpya ya kuzidisha na vifaa vilivyopangwa mahususi. Lilitarajia kumaliza Mei, yaani kwa miezi 2 tu. Aliyetangulia kwa zaidi ya miaka 3 alishinda kwa majuma machache!

Kundi hilo halikuokolewa na kungoja, bali na mbinu na vifaa vilivyobuniwa wakati huo. Kwa hiyo anayengoja asikae bure. Na kabla ya kuamua ajiulize: kasi hiyo itatoka wapi, na je, hesabu yangu itaweza kuitumia?