Petanki: Miguu Tuli, Mkono Mwepesi

Bila shaka katika kijiji chako yuko mtu aliyekuwa hodari wa michezo zamani, na leo hukaa kando ya uwanja akitazama. Labda ni baba mwenye baridi yabisi ya magoti, labda ni babu yako mwenyewe. Vijana humwamkia kwa heshima, humpa kigoda, kisha mchezo huanza naye husahauliwa. Basi leo nataka nikueleze habari za mchezo mmoja wa Wafaransa uitwao petanki. Mchezo huu ulizaliwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, na siri yake yote imo katika mkono: jinsi ya kulishika tufe, na zaidi sana jinsi ya kuliachia.

Kusini mwa Ufaransa, katika nchi ya Provence, watu wamependa tangu zamani kushindana kutupa matufe. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa wa wenye nguvu. Gololi ndogo ya mbao ilitupwa mbali, mita 15 hata 21, na kila mmoja alijaribu kulifikisha tufe lake karibu nayo. Mtupaji alipiga hatua moja kubwa akatupa akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Na kama alitaka kulipiga tufe la mwenzake liondoke, alikimbia hatua tatu kwanza. Mchezo huo ungaliko hata leo. Lakini wewe waona mwenyewe kwamba mtu mwenye magoti mabovu hana nafasi humo.

Katika mji wa La Ciotat, bandari ya kuunda meli karibu na Marseille, alikuwako mchezaji mmoja jina lake Jules Hugues, ambaye watu walimwita Lenoir. Alikuwa hodari, lakini baridi yabisi ilimshika hata hakuweza tena kukimbia zile hatua tatu. Ikambidi awe mtazamaji. Mwenye uwanja, Ernest Pitiot, alimwonea huruma. Akafikiri: kama rafiki yangu hawezi kukimbia, basi tusikimbie sote. Wakachora duara ardhini, wakasimama ndani miguu pamoja, wakaisogeza gololi karibu, wakaanza kutupa. Hayo yalitokea mwaka 1907, ingawa wengine husema 1910. Jina la mchezo latoka katika lugha ya kwao, maana yake miguu iliyosimikwa, isiyoondoka.

Tafadhali angalia jambo hili vema. Hawakumtafutia Lenoir kazi ya kuhesabu pointi, wala hawakumwachia atupe mara moja moja ili kumfurahisha. Walibadili sheria, zikawafunga wazima na mgonjwa sawasawa. Leo mchezo huo umeenea pengi duniani kuliko ule wa baba zao. Jirani zetu wa Madagaska waliutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1999 na mwaka 2016, na mara hiyo ya pili mashindano yalikuwa kwao Antananarivo.

Sasa sheria kwa ufupi. Duara huwa na upana wa sentimeta 35 hadi 50. Gololi ya mbao, ambayo wenyewe huiita kitoto cha nguruwe, hutupwa mita 6 mpaka 10. Matufe ni ya chuma, matupu ndani, na uzito wake ni gramu 650 hadi 800. Wakicheza watu watatu kwa watatu, kila mmoja ana matufe mawili. Wakiwa wawili kwa wawili, au mmoja kwa mmoja, kila mtu ana matatu. Wanaotangulia kufikisha pointi 13 wameshinda. Miguu isitoke katika duara wala kuinuka mpaka tufe liguse ardhi.

Kwa kuwa miguu imefungwa, kazi yote imeshukia mkono. Hapo ndipo wageni wengi hukosea. Mtu akipewa tufe mara ya kwanza hulishika kiganja kikitazama juu, kama anayepokea sadaka, akalisukuma mbele. Tufe hilo litaanguka na kuendelea kubingirika, likaipita gololi na kwenda zake majanini. Sababu yake ni hii: vidole vikiwa nyuma ya tufe huupandisha juu upande wake wa nyuma, na tufe hutoka mkononi likiwa tayari linabingirika kwenda mbele.

Wenye mchezo hufanya kinyume. Chukua tufe, liweke katika kiganja, vidole vinne vikiwa vimeshikamana bila nafasi kati yake, vikunje juu ya tufe. Kidole gumba kilale ubavuni tu, kisibane. Halafu geuza mkono wote: mgongo wa mkono utazame mbinguni, na tufe lining'inie chini ya kiganja. Usilikaze kama unayeogopa kuibiwa. Nguvu iwe ile ya kulizuia lisianguke, basi.

Kisha mkono upelekwe nyuma na kurudi mbele kutoka begani, kama ndoo ya maji inavyobembea mkononi mwa mtu atembeaye taratibu. Kiwiko kisikunjwe. Mkono unapokwenda nyuma, kifundo cha mkono kinakunjika kwa ndani, na tufe linajificha kama yai chini ya kuku. Unaporudi mbele, kifundo kinafunguka, na vidole vinakunjuka vyote kwa pamoja. Tufe huteleza juu ya vidole na kuagana na ncha zake mwisho. Mkono usikatizwe hapo. Uache uendelee kupanda, vidole vikielekea kule ulikotupa.

Je, faida yake nini? Vidole vinavyokunjuka chini ya tufe huuvuta upande wake wa chini kwenda mbele, na upande wa juu hugeuka kukurudia wewe. Yaani tufe linakwenda mbele angani, huku likizunguka kinyumenyume. Watoto wanaocheza na ringi ya baiskeli wanalijua jambo hili kuliko mimi: ukiitupa ringi mbele huku ukiizungusha nyuma, itakwenda kidogo, itasita, hata itarudi. Tufe haliwezi kurudi hivyo, ni zito, lakini likigusa ardhi mzunguko wake hupambana na mwendo wake, likapungua mbio na kutulia karibu na pale ulipotaka. Ndiyo maana mchezaji mzuri haitazami gololi tu. Kwanza huchagua mahali tufe litakapoangukia, huenda akapaendea na kupakagua kwa macho kama kuna kijiwe au shimo, ndipo arudi katika duara.

Makosa ya mkono ni machache, na kila moja lina dalili yake. Kidole kimoja kikichelewa kuachia, tufe huvutwa upande. Kifundo kikipinda kama anayefungua kitasa cha mlango, tufe huzunguka ubavuubavu na likianguka hukata kona. (Mabingwa hufanya hivyo makusudi ili kulizunguka tufe la adui, lakini wewe anza na kunyoosha.) Ukichelewa kuachia, tufe hupaa juu mno, ukiwahi, huanguka miguuni. Na vumbi likishika vidole au tufe, hakuna mkono uwezao kuachia sawasawa, hivyo kila mchezaji huweka kitambaa mfukoni na kufuta kabla ya kutupa.

Liko pia pigo la kuliondoa tufe la mwenzako. Hapa mkono ni uleule, ila bembea ni ndefu zaidi, na jicho liko juu ya tufe la adui. Ukilipata katikati moja kwa moja kutoka angani, jambo la ajabu hutokea: lake hukimbia kwa mwendo wa lako, na lako hubaki palepale lilipokuwa lake, kana kwamba limenunua kiwanja. Matufe mawili yenye uzito ulio karibu sawa yakigongana hivyo hubadilishana mwendo, na kule kuzunguka kinyumenyume kwazuia lako lisifuate. Mara nyingi wapigaji hupenda tufe kubwa kidogo na jepesi. Wale wa kulaza karibu na gololi hupenda dogo na zito, maana haliondoshwi kwa urahisi.

Sasa utaniuliza, sisi tutayapata wapi matufe ya chuma? Jua kwamba Wafaransa wenyewe hawakuanza nayo. Walichonga matufe ya mbao ngumu, kisha wakayapigilia misumari mpaka mbao isionekane. Kijiji cha Aiguines kilijulikana sana kwa kazi hiyo. Ya chuma yalikuja katika miaka ya 1920. Fundi seremala wa kijiji chako aweza kuchonga matufe ya kutosha familia moja. Ukitaka kuufundisha mkono tu, tafuta jiwe laini la mtoni linalojaa kiganja, ulitupe kwenye mchanga. Lakini mawe yasigonganishwe kamwe: vipande huruka na kuharibu macho. Watoto wadogo nao wasimame nyuma ya mtupaji, si karibu na gololi. Na kama watu wakianza kuwekeana fedha, mwenye nyumba na awaambie uwanja umefungwa. Jambo hilo huko Provence pia limeharibu jioni nyingi.

Kwa wazee ninayo maneno mawili zaidi. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaruhusiwa kucheza hata katika mashindano, mradi gurudumu moja, la upande wa mkono anaotupia, liwe ndani ya duara. Na yule ambaye mkono wake ni mzima ila mgongo wakataa kuinama, Wafaransa wamemtafutia dawa. Mfukoni huweka sumaku iliyofungwa mwisho wa uzi. Zamu ikiisha huishusha taratibu mpaka chini, ikanasa tufe la chuma, naye akalivuta juu kama mvuvi, amesimama wima, bila kumwita mjukuu.