Usanisinuru na Kosa la "Hatua ya Giza"

Istilahi "usanisinuru" imekwisha kuzoeleka katika vitabu vya shule. Imeundwa kwa maneno mawili: "usanisi", yaani kuunganisha vitu sahili viwe kitu changamano, na "nuru". Muundo huo ni mwafaka, lakini hautaji kinachounganishwa. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuielewa kazi yenyewe kabla ya kuzipa majina sehemu zake.

Kazi hiyo ina hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, klorofili iliyomo janini hunasa nuru, na nishati yake hutumika kupasua maji. Oksijeni itolewayo na jani hutokana na maji hayo, wala si na hewa ukaa, kama walivyoonyesha Samuel Ruben na Martin Kamen huko Marekani mwaka 1941. Nishati iliyopatikana huhifadhiwa katika kemikali maalumu.

Katika hatua ya pili, kimeng'enya kiitwacho rubisko huiunganisha hewa ukaa na sukari yenye atomi 5 za kaboni. Zao lake hukatika papo hapo likawa molekuli 2 zenye atomi 3 za kaboni kila moja. Kwa nishati ile iliyohifadhiwa, mmea huzigeuza kuwa sukari, na kutokana na sukari hujenga wanga na mbao. Jina "ukaa", lenye nasaba na "makaa", linastahili: makaa ya jikoni ni kaboni iliyokuwa hewani. Melvin Calvin, aliyeichunguza hatua hii pamoja na wenzake kwa kutumia kaboni-14, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961.

Tatizo ni kwamba baadhi ya waandishi huiita "hatua ya giza", kwa kuufuata msemo wa Kiingereza neno kwa neno. Mwanafunzi asomaye hivyo atajibu katika mtihani kuwa mmea hutengeneza sukari usiku. Sivyo. Nuru ikikoma, hatua hii nayo husimama upesi. Hata mnanasi, ambao hufyonza hewa ukaa usiku, huingoja nuru ya mchana ndipo ujenge sukari.

Yafaa basi tuseme "hatua ya nuru" na "hatua ya kujenga sukari". Istilahi ya pili hutaja kazi inayofanyika, na mwalimu hatalazimika kuikanusha mara tu baada ya kuifundisha.