Mawimbi ya redio hutuonya kabla ya homa kuzuka

WENGI wetu tukisikia neno redio, fikira huenda moja kwa moja kwa taarifa ya habari na muziki. Lakini mawimbi ya redio yana kazi nyingine inayohusu afya ya kila mmoja wetu. Ndiyo yanayowawezesha wataalamu kupima joto la bahari na wingi wa mvua, na hivyo kutambua mapema ni lini maradhi yanayofuata mafuriko yanaweza kuzuka.

Umuhimu wa kazi hiyo unaonekana wazi tukitazama ugonjwa mmoja unaojulikana vyema hapa Kenya, yaani homa ya Bonde la Ufa.

Ugonjwa huu ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi katika shamba karibu na Ziwa Naivasha. Huletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu. Mbu hao hutaga mayai katika udongo wa mahali panapotuama maji, na baadhi ya mayai huwa tayari yana virusi. Yanaweza kukaa katika udongo mkavu kwa miaka kadhaa bila kuharibika. Mvua kubwa inaponyesha na maji kutuama kwa muda mrefu, mbu hutokea kwa makundi makubwa.

Wanaoumia kwanza ni mifugo. Kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia hutupa mimba, na wachanga hufa. Binadamu huambukizwa hasa anapogusa damu au nyama ya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja au kumzalisha, na pia anapoumwa na mbu. Wengi hupata homa, maumivu ya misuli na ya kichwa, kisha hupona. Wachache huvuja damu, huvimba ubongo au hupoteza uwezo wa kuona.

Mvua za El Nino za mwaka wa 1997 na 1998 zilitupa funzo chungu. Wataalamu walikadiria kwamba watu wapatao 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa pekee.

Kusikiliza bahari

Mvua kama hizo hazianzi Garissa. Huanzia baharini, wakati maji ya Bahari ya Pasifiki na ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi yanapopata joto kupita kiasi. Mawimbi ya redio hutusaidia kuyajua hayo kwa njia nne.

Kwanza ni maboya. Baada ya El Nino ya 1982 na 1983 kuwajia wataalamu ghafla, Marekani na washirika wake walitandaza maboya katika Bahari ya Pasifiki, na kufikia mwaka wa 1994 yalikuwa karibu 70. Hupima joto la maji na kutuma vipimo kwa redio hadi kwenye setilaiti.

Pili ni setilaiti zenyewe. Kila kitu chenye joto, hata maji ya bahari, hutoa mawimbi hafifu ya redio. Setilaiti huyapokea na kukisia joto la maji. Uzuri wake ni kwamba mawingu hayayazuii mawimbi hayo jinsi yanavyoizuia kamera ya kawaida.

Tatu ni rada. Rada hutuma mawimbi, kisha husubiri mwangwi unaorudishwa na matone ya mvua. Setilaiti ya kwanza kubeba rada ya mvua ilirushwa na Marekani na Japani Novemba 1997, wakati ule ule El Nino ilipokuwa ikibomoa barabara zetu. Ilifanya kazi hadi mwaka wa 2015, na nyingine ya kuirithi ilirushwa mwaka wa 2014. Rada za aina nyingine hupima kimo cha bahari, na zimeonyesha kwamba kimepanda kwa zaidi ya sentimita 9 tangu mwaka wa 1993.

Nne ni puto. Katika kituo cha Dagoretti Corner, Nairobi, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hurusha puto lenye kifaa kidogo cha redio. Linapopaa, kifaa hicho hutuma vipimo vya joto na unyevu wa hewa. Puto kama hilo linaweza kufika kilomita 30 juu kabla ya kupasuka.

Vipimo hivi vinahitajika zaidi sasa kuliko zamani. Dunia inazidi kupata joto, na kila joto linapopanda kwa nyuzi moja ya selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvua inaponyesha, huwa kubwa zaidi.

Onyo la mwaka wa 2006

Mwaka wa 2006, wataalamu waliokuwa wakifuatilia vipimo vya setilaiti waliona bahari zote mbili zikipata joto. Walitoa onyo kwamba Pembe ya Afrika ilikuwa hatarini. Ilikuwa Septemba. Katikati ya Desemba, watu walianza kufa Garissa kwa homa na kuvuja damu. Kufikia mwezi wa Machi 2007, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walikuwa wamefariki.

Onyo lilikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa katika yaliyofuata. Utafiti uliofanywa baadaye miongoni mwa wafugaji wa Kaskazini Mashariki ulionyesha kwamba waliona mvua, mbu na mimba kutupwa kabla serikali haijaanza kuchukua hatua.

Kuchelewa huko kuna gharama kubwa. Mifugo ina chanjo, lakini ni lazima ipewe kabla ugonjwa haujazuka. Ukishazuka, kuchanja kunaweza kuueneza zaidi, kwa sababu sindano moja hutumiwa kwa wanyama wengi. Wiki chache tu ndizo zinazotenganisha kinga na msiba.

Ndiyo sababu redio ya kawaida, ile ya mezani, ni muhimu sawa na setilaiti. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imesaidia kuanzisha vituo vidogo vinavyotangaza kwa lugha za wenyeji, kwa mfano Kangema katika Murang'a, ambako ardhi huporomoka, na Budalangi katika Busia, ambako Mto Nzoia hufurika. Mfugaji au mkulima akiambiwa kwa lugha yake ni hatua gani achukue, onyo huwa na maana.

Jukumu lako

Wewe unayeishi mjini usidhani hayakuhusu. Nyama inayouzwa Nairobi na Mombasa hutoka kwa mifugo hiyo hiyo. Nunua nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Ipike hadi iive kabisa na uchemshe maziwa. Usichinje wala kula mnyama aliyekuwa mgonjwa, na ukiwa na homa baada ya kushughulikia mifugo, mweleze daktari.

Tena, utabiri wa mvua kubwa unapotangazwa, usingoje mafuriko. Wapigie simu jamaa zako wanaofuga nyumbani, uwaulize kama wamemwona daktari wa mifugo.