Nyumba Ikipata Mwenyewe Mpya: Funzo la Uganda

Yako mambo ambayo serikali hutangaza kwa siku moja, lakini wananchi wakayabeba kwa miaka mingi. Suala la nyumba za Waasia katika nchi jirani ya Uganda ni mojawapo.

Mwezi Agosti, 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini humo. Majumba yao, maduka na viwanda baadaye viliwekwa chini ya bodi maalum ya kusimamia mali za Waasia walioondoka. Bodi hiyo ndiyo ikawa mwenye nyumba, na waliopangishwa Kampala, Jinja na kwingineko walipaswa kuilipa kodi.

Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya mali zilizotwaliwa, iliyompa mwenye mali wa zamani haki ya kuomba arudishiwe. Kazi hiyo ilishika kasi katika miaka ya 1990, chini ya serikali ya Rais Yoweri Museveni. Aliyekubaliwa ombi lake alipewa hati.

Lakini hati humrudishia mtu nyumba tu. Haimpatanishi na aliyemo ndani. Mwenye nyumba, aliyekaa ugenini miaka ishirini, anaikuta nyumba imechakaa, naye anataka kodi ipande ili apate fedha za matengenezo. Mpangaji naye amezoea kodi ya bodi, pengine ameziba paa kwa fedha zake, na anauliza: je, kodi niliyokwisha kulipa itahesabiwa, au nitadaiwa mara ya pili?

Hapo ndipo ugomvi huzaliwa, na dawa yake si kubadilisha kufuli usiku. Kwanza, mwenye nyumba mpya hana budi kumpa mpangaji taarifa kwa maandishi, aonyeshe hati yake, na aseme kodi ilipwe kwa nani na tangu lini. Pili, msimamizi anayeondoka akabidhi daftari la kodi, ili malimbikizo na malipo ya mbele yajulikane. Tatu, mpangaji atunze stakabadhi zake, wala asifanye mabadiliko hayo kuwa kisingizio cha kukaa bure.

Uganda yenyewe imeonyesha gharama ya hesabu zisizonyooka. Mwaka 2019, miaka 47 baada ya amri ya Amin, Bunge lake lilikuwa bado likichunguza mwenendo wa bodi ile. Na mwaka 2022 nchi hiyo ilipata sheria mpya ya wenye nyumba na wapangaji. Sheria hiyo inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, na kodi haiwezi kupandishwa kupita asilimia 10 kwa mwaka.

Sisi Watanzania si wageni wa jambo hili. Majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971 yalisimamiwa na Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Wapangaji walibaki mlemle. Aliyebadilika ni mpokeaji wa kodi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, nyumba yaweza kurithiwa, kuuzwa, kutwaliwa au kurudishwa. Lakini mpangaji aliyelipa kodi kwa uaminifu hageuki mvamizi kwa sababu tu jina lililo kwenye hati limebadilika; na mwenye hati halali hanyimwi haki yake kwa sababu tu alichelewa kurudi.